Muziki wa Uingereza na Deni Lake kwa Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya humjia karibu kila mtu aliyeanza kwa kuwapenda The Beatles, The Rolling Stones au Led Zeppelin, kisha siku moja akakutana na wanamuziki Weusi wa Marekani kama Muddy Waters au Chuck Berry na kugundua kwamba nyimbo alizodhani za Waingereza zilikuwa na wenyewe. Mimi ni mmoja wao. "Little Red Rooster" niliusikia kwa Stones, nikauimba kwa muda mrefu nikijua ni wao, mpaka nilipousikia kwa Howlin' Wolf, mwimbaji Mweusi wa Marekani. Tangu siku hiyo nasikiliza kwa masikio mawili.

Je, ni kweli kwamba Waingereza walinakili tu muziki wa Wamarekani Weusi?

Walianza kwa kunakili, tena bila kuficha. Albamu ya kwanza ya The Beatles, "Please Please Me", ilirekodiwa sehemu kubwa kwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963. Ina nyimbo 14, na 6 kati yake ni tungo za Wamarekani. The Rolling Stones walilitoa jina lao kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950.

Ila nakala haikutoka sawa na asili. Vijana hawa walijifunzia kwenye santuri, bahari nzima ikiwa katikati, bila kuviona vidole vya mpigaji. Usichokiona inabidi ukibuni. Kila walipofika mahali wasipopaelewa walitia cha kwao: tenzi za kanisani walizokua nazo, nyimbo za majumba ya burudani ya zamani walizoimba bibi zao, bendi za matarumbeta za miji ya viwandani. Naamini kabisa kwamba walichokosa ndicho kilichowapa sauti yao. Wangekuwa na walimu Chicago wangepiga bluzi, ule muziki wa Wamarekani Weusi, vizuri zaidi, na pengine tusingewakumbuka.

Muziki wa Marekani ulifikaje Uingereza?

Kwa shida, kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia 1935 hadi katikati ya miaka ya 1950, chama cha wanamuziki cha Uingereza kilipinga bendi za Kimarekani kuja kupiga nchini, kwa hofu kwamba wenyeji wangenyang'anywa kazi, na serikali ikakubaliana nacho. Kwa takriban miaka 20, Mwingereza wa kawaida hakupata kuiona bendi ya Kimarekani jukwaani. BBC nayo ilikuwa na kikomo cha saa za kupiga santuri hewani, kwa hiyo mara nyingi ulisikia okestra ya studio ikiupiga upya wimbo uliotamba New York.

Kijana aliyetaka kitu chenyewe alisubiri usiku, akaitafuta Radio Luxembourg, kituo kilichorusha matangazo kutoka Ulaya Bara na ambacho mawimbi yake yalikuja yakipotea. Mwaka 1964 zikaja redio za melini, ya kwanza kujulikana ikiwa Radio Caroline, zikitangaza kutoka nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza. Serikali ilizipiga marufuku Agosti 1967, na mwezi uliofuata BBC ikafungua Radio 1 kuijaza nafasi hiyo.

Santuri zenyewe ziliagizwa kwa posta au kuazimwa kwa rafiki. Oktoba 1961, kwenye kituo cha treni cha Dartford, Keith Richards alimwona Mick Jagger, waliyesoma naye shule ya msingi, akiwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Walianza kuongea, na kundi la Stones likazaliwa humo. Kitu kilikuwa adimu kiasi kwamba kukishika mkononi tu kulitosha kuwaunganisha watu.

Skifo ni nini, na kwa nini kila anayeandika habari hizi huitaja?

Ni muziki wa vyombo vya kuokoteza. Gitaa la bei nafuu, ubao wa kufulia unaokwaruzwa kwa vidole vilivyovishwa vikofia vya kushonea, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la majani ya chai, fimbo na kamba. Lonnie Donegan aliurekodi "Rock Island Line" mwaka 1954, na ulipotoka kama wimbo wa pekee uliingia kumi bora Uingereza na hata Marekani mwaka 1956. Wimbo huo ulikuwa umetoka kwa wafungwa wa Arkansas. Lead Belly, mwimbaji Mweusi wa Marekani, aliuchukua kwao mwaka 1934, na Donegan akauchukua kwa Lead Belly.

Uzito wake ni huu: kijana asiye na fedha wala mafunzo aliona kwamba naye anaweza. John Lennon alianzisha kundi lake la skifo, The Quarrymen, mjini Liverpool mwaka 1956. Tarehe 6 Julai 1957 walipiga kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's, Woolton, na siku hiyo ndiyo Lennon alipokutana na Paul McCartney.

Kwa nini bluzi iliwashika vijana wa Uingereza kuliko vijana wazungu wa Marekani kwenyewe?

Sababu ya kwanza ni ubaguzi wa rangi. Hadi 1949 jarida la Billboard liliziweka nyimbo za Weusi kwenye orodha ya peke yake, yenye jina la "santuri za kabila". Jina lilibadilika, utengano ukabaki: redio zao, kumbi zao, maduka yao. Mtoto mzungu wa Illinois aliweza kuishi mwendo mfupi kutoka kwa Muddy Waters asijue kama yupo.

Uingereza ilikuwa na ubaguzi wake, tena mkali, kama wahamiaji wa Karibiani walivyoushuhudia. Lakini ukuta ule wa orodha na redio haukuwepo. Santuri ya Muddy Waters na ya Elvis Presley zilifika kama bidhaa za ng'ambo tu, zikawekwa rafu moja.

Sababu ya pili ni kwamba Waingereza walijijengea picha ya mpiga bluzi kabla hawajamwona. Big Bill Broonzy, aliyekuja mapema miaka ya 1950, aliwapigia peke yake, gitaa bila umeme, kama mkulima atokaye shambani, ingawa Chicago alishazoea kupiga na bendi. Waingereza wakaamini hiyo ndiyo bluzi. Muddy Waters alipokuja 1958 na gitaa la umeme lenye kelele, baadhi ya wasikilizaji walishtuka. Akasikia lawama. Aliporudi 1963 akaleta gitaa lisilo la umeme ili awaridhishe, akakuta kizazi kipya kinalia: umeme uko wapi? Kisa hiki nakipenda kuliko vyote. Kinaonyesha jinsi mapenzi ya mbali yanavyoweza kumchanganya hata anayependwa.

Mahali pa kuyaona mageuzi hayo ni Ealing, magharibi mwa London, ambako Alexis Korner na Cyril Davies walifungua klabu yao Machi 1962. Vijana walioshindana kupanda jukwaa lile dogo wakaja kuujaza ulimwengu.

The Beatles walichukua nini hasa, na wakaongeza nini?

Wengi hutaja Chuck Berry, Little Richard na Buddy Holly. Ni kweli, lakini husahau makundi ya wasichana. The Shirelles wametoa nyimbo mbili kwenye albamu ile ya kwanza, na The Cookies moja. Albamu ya pili ina nyimbo tatu za Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, mojawapo ikiwa "Please Mr. Postman" ya The Marvelettes. Ile namna ya The Beatles ya mmoja kuongoza na wawili kuitikia kwa sauti za juu, waliisoma kwa mabinti Weusi wa Marekani, wengine wakiwa bado wa umri wa shule. Heshima hiyo hawapewi vya kutosha.

Walichoongeza kwanza ni kodi za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Bluzi ya kawaida hutembea kwenye kodi tatu na baa 12 (vipande vya mdundo vyenye urefu sawa), na uhondo wake umo katika jinsi unavyozipinda sauti ndani ya mipaka hiyo. Lennon na McCartney walitoka nje ya mipaka. Waliingiza kodi zisizotarajiwa, wakahamisha wimbo kutoka furaha kwenda huzuni katikati ya mstari mmoja.

Pili ni George Martin, mzalishaji wao, msomi wa muziki wa okestra. "Yesterday" ya 1965 ina gitaa moja na wapiga nyuzi wanne wa okestra. "Eleanor Rigby" ya 1966 ina wapiga nyuzi wanane, na hakuna Beatle hata mmoja anayeshika chombo humo. Isitoshe ni wimbo kuhusu mwanamke mpweke na padri asiyesikilizwa na mtu. Hapo Memphis, mji wa bluzi wa Marekani, imeachwa mbali sana, tuko Uingereza yenye mvua.

Na The Rolling Stones?

Hao walikaa karibu zaidi na chanzo. Juni 1964 walisafiri hadi studio za kampuni ya santuri ya Chess, namba 2120 South Michigan Avenue, Chicago, kurekodi palepale walipokuwa wamerekodi mashujaa wao.

Chukua "Little Red Rooster", utungo wa Willie Dixon. Howlin' Wolf aliurekodi 1961 akiwa na miaka 51, mtu mkubwa wa mwili, sauti kama mawe yanayosagwa. Anapoimba habari za jogoo, unajua kabisa haimbi habari za jogoo. Stones waliutoa mwishoni mwa 1964, Jagger akiwa na miaka 21, nao ukapanda hadi namba moja Uingereza, bluzi ya polepole namna ile! Jagger hana kifua cha Wolf wala hajaribu kujifanya anacho. Anauimba kwa kunong'ona, karibu kwa ujeuri wa kitoto, na Brian Jones anaijibu kila sentensi kwa gitaa la kuteleza. Wolf anakutisha, Jagger anakuchokoza. Siwezi kusema wa pili ni bora, na sikubali kwamba ni nakala tupu.

Kwa nini Waingereza wengi huimba kwa lafudhi ya Kimarekani?

Kwa sababu ndivyo walivyousikia muziki wenyewe. Kwao maneno, mdundo na matamshi vilikuja vikiwa kitu kimoja. Mwanaisimu Peter Trudgill aliyachunguza matamshi ya waimbaji hawa, akaonyesha kwamba The Beatles walitamka herufi "r" kwa Kimarekani zaidi kwenye santuri za mwanzo kuliko zile za mwisho. Kadiri walivyojiamini, ndivyo Liverpool ilivyorudi midomoni mwao.

Ray Davies wa The Kinks alikuwa miongoni mwa walioimba Kiingereza cha nyumbani mapema. Kundi lake lilizuiwa kupiga Marekani kuanzia 1965 hadi 1969, na katika miaka hiyo akazidi kuandika kuhusu kwao, ukiwemo "Waterloo Sunset" wa 1967. Panki, ile roki ya kasi na kelele ya 1976 na 1977, ilisukuma jambo hilo mbele. Baadaye kundi la Arctic Monkeys lilianza kwa kuimba Ki-Sheffield, na leo marapa wa London wanatamka ki-London bila kuomba radhi.

Panki ni ya nani, basi?

Ya pande zote mbili. Ramones wa New York walipiga ukumbi wa Roundhouse, London, tarehe 4 Julai 1976, na vijana wengi walioanzisha makundi walikuwa wakiwafuatilia. Waingereza wakaongeza mavazi yao na hasira ya ukosefu wa kazi.

Je, ulikuwa wizi?

Swali hili linastahili jibu lisilozungushwa. Kuuimba wimbo wa mtu ukamtaja na mrabaha ukamfikia si wizi. Kundi la Uingereza la Cream lilipourekodi "I'm So Glad" mwaka 1966 lilimwandika Skip James, mpiga bluzi wa Marekani, kuwa mtunzi, na fedha zilimfikia mzee huyo akiwa mgonjwa, miaka michache kabla hajafariki 1969. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Led Zeppelin walikuwa na rekodi mbaya. "Whole Lotta Love" ya 1969 ilibeba maneno ya "You Need Love" ya Willie Dixon, wimbo aliourekodi Muddy Waters mwaka 1962, bila jina la Dixon kuonekana popote. Dixon alifungua kesi 1985, ikamalizwa kwa makubaliano 1987. Hayo si mapenzi ya muziki. Ni kuchukua mali ya mzee na kuandika jina lako juu yake, na uhodari wa Jimmy Page kwenye gitaa hauifuti dhambi hiyo.

Hata hivyo lazima tuseme pia kwamba wengi wa wanamuziki hawa walikuwa wameshanyonywa nyumbani. Arthur Crudup, mwenye "That's All Right" iliyomtoa Elvis Presley, alihangaika maisha yake yote kutafuta mrabaha wake na akafa bila kulipwa anachostahili. Waliomdhulumu walikuwa Wamarekani.

Wamarekani Weusi wenyewe walifaidika na chochote?

Baadhi, ndiyo. Mei 1965 Stones walialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, "Shindig!", wakataka Howlin' Wolf naye awepo. Wakaketi chini mbele yake kama wanafunzi, na Marekani yote ikamwona mwananchi wake kwa mara ya kwanza, akitambulishwa na wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jingine ni la The Beatles. Septemba 1964 huko Jacksonville, Florida, walisema wazi kwamba hawatapiga kama watazamaji watatenganishwa kwa rangi. Walipiga, na watazamaji hawakutenganishwa.

Lakini upande wa pili wa sarafu upo. Februari 1964 watu wapatao milioni 73 waliwatazama The Beatles kwenye kipindi cha Ed Sullivan, na Aprili mwaka huo wakashika nafasi tano zote za juu za Billboard. Nafasi hizo zilikuwa na wenyewe. Makundi ya wasichana niliyoyataja juu, walimu wa The Beatles, yalikuwa miongoni mwa waliosukumwa pembeni na wimbi hilo.

Jimi Hendrix tumweke upande gani?

Mmarekani wa Seattle aliyekuwa akipiga gitaa nyuma ya The Isley Brothers na Little Richard. Septemba 1966 Chas Chandler, mpiga besi wa kundi la Uingereza la The Animals, akampeleka London, akampa bendi ya Waingereza wawili, na Marekani ikampokea 1967 kama nyota atokaye ng'ambo. Mtu Mweusi alilazimika kuvuka Atlantiki ili akubalike kwa muziki wa watu wake.

Je, vyote vya Uingereza vimetoka Marekani?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Toa Jamaika uone kama hesabu itakubali. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury Juni 1948 na abiria kutoka Karibiani, na waliofuata walileta ska, rege na mitambo mikubwa ya muziki wa mtaani. The Specials wa Coventry, Weusi na wazungu pamoja, walitoka humo mwaka 1979. Graimi, muziki wa kurap wa London mashariki, ambayo Dizzee Rascal aliishindia tuzo ya albamu ya Mercury mwaka 2003, ina damu ya Jamaika sawa na ya hip hop. Na hip hop yenyewe? DJ Kool Herc, aliyepiga santuri kwenye ile sherehe ya Bronx, New York, ya Agosti 1973 inayohesabiwa kuwa mwanzo wake, alizaliwa Kingston, Jamaika.

Nimesikia kwamba Waingereza walizitunza nyimbo ambazo Wamarekani walizitupa. Ni kweli?

Kweli tupu. Kwenye miji ya viwanda ya kaskazini, wafanyakazi vijana walizipenda santuri za souli, muziki wa Wamarekani Weusi wa miaka ya 1960, zilizoshindwa kuuza Detroit na Chicago. Wigan Casino, ukumbi wa dansi, kati ya 1973 na 1981, ilijaa usiku kucha watu wakicheza kwa kuzunguka na kuruka nyimbo ambazo kwao zilisahaulika zamani. "Do I Love You" ya Frank Wilson, iliyochapwa kwenye santuri 1965 na karibu nakala zake zote kuharibiwa, ilikuja kuuzwa nakala moja kwa pauni 100,000 mwaka 2020.

Yakajirudia kwa muziki wa hausi, dansi ya mashine za umeme iliyozaliwa Chicago. "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley wa Chicago ilifika namba moja Uingereza Januari 1987, wakati kwao ulikuwa bado muziki wa klabu za Weusi na mashoga. Tekno, ndugu yake wa Detroit, nayo ilipata jina lake sokoni kupitia albamu ya mkusanyiko iliyotolewa Uingereza mwaka 1988.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Yeye anaingia wapi?

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi Waparsi. Alisoma India, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Akiwa na Queen alizisoma karibu kurasa zote za Marekani: "Somebody to Love" ya 1976 ina kwaya ya injili na mapenzi yake kwa Aretha Franklin, na "Crazy Little Thing Called Love" ni salamu kwa Elvis. Besi ya "Another One Bites the Dust", kazi ya John Deacon, ni binamu wa "Good Times" ya kundi la Chic. Hizi mbili za mwisho zilifika namba moja Marekani mwaka 1980. Kwa hiyo mtoto wa Mji Mkongwe aliwauzia Wamarekani muziki wao, nao wakaununua kwa furaha.

Kuna uzi mwingine wa kwetu. Gramophone Company, kampuni ya Uingereza iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, iliungana na wenzake 1931 ikawa EMI, ambayo baadaye iliwarekodi The Beatles. Kuanzia 1933 iliuza Afrika mfululizo wa santuri ulioitwa GV, wenye muziki wa Kuba, na wanamuziki wa Kongo walizisoma kwa sikio, bila kuviona vidole vya mpigaji.

Nianze kusikiliza wapi?

Sikiliza kwa jozi, ya Marekani kwanza. "Twist and Shout" ya The Isley Brothers, kisha ya The Beatles: ya kwanza ni sherehe, ya pili ni koo linalochanika, kwa kuwa Lennon alikuwa na mafua na huo ulikuwa wimbo wa mwisho wa siku ile ndefu. "Cross Road Blues" ya Robert Johnson ya 1936, kisha "Crossroads" ya Cream: Johnson yuko peke yake na giza linaingia, Eric Clapton, mpiga gitaa wa Cream, yuko mbele ya umati na hana wasiwasi wowote.

Ukimaliza hapo chukua "Back to Black" ya Amy Winehouse ya 2006. Wapigaji kwenye nyimbo kadhaa ni The Dap-Kings wa Brooklyn, na mdundo wa wimbo wenye jina la albamu ni wa makundi yale ya wasichana ya miaka ya 1960. Maneno ni ya binti wa London kaskazini anayesema alivyozoea kusema. Usiharakishe. Rudia mara mbili, mara ya pili sikiliza ngoma tu.